Familia ya Kiislamu Ugenini Japani: Sisi Tuliobaki Nyumbani Tujifunze Nini?



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Haipiti siku ila tunakutana na Japani. Gari dogo linalotupeleka sokoni limetoka huko likiwa limekwishatumika. Ubavuni mwa daladala mara nyingi kuna maandishi ambayo hakuna abiria hata mmoja anayeweza kuyasoma. Lakini tukiulizwa watu wa nchi hiyo wanaishi vipi, na Mwislamu aliyehamia huko anawalisha nini watoto wake, wengi wetu hatuna la kusema zaidi ya kuwa Wajapani wanakula samaki wabichi.

Mwaka huu Mwenyezi Mungu alituletea wa kutueleza. Mwanafunzi wetu wa zamani, aliyesoma juzuu zake juu ya mikeka hii hii, alirudi likizo pamoja na mumewe na watoto wao wawili: wa kiume ana miaka tisa na wa kike ana sita. Wanaishi Nagoya, mji mkubwa katika mkoa wa Aichi, mkoa ambao ndio chimbuko la kampuni ya Toyota. Mume alikwenda kusoma uhandisi, akapata kazi, wakabaki. Alikaa nasi siku mbili akajibu maswali ya walimu na wanafunzi. Tumeona tuyaandike katika jarida letu aliyotusimulia, pamoja na maoni yetu, kwa sababu ziara ile ilitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia.

PAKITI ILIYOGEUZWA

Tuanze na lililotuaibisha. Siku ya kwanza tuliwakaribisha wale watoto kwa peremende laini, zile tunazoziweka kabatini kwa ajili ya zawadi za wanaofanya vizuri katika hifdhi. Binti aliipokea kwa mkono wa kulia, akamtazama kaka yake. Kaka yake hakufungua ya kwake. Aliigeuza pakiti akaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma, kidole kikifuata mstari, kama watoto wetu wanavyofuata mstari wa msahafu. Wanafunzi wetu waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akamwambia, "Kula tu, huku kwetu kila kitu halali."

Mtoto akamwita mama yake. Mama akaja, akasoma, kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Ustadh, samahani sana. Humu wameandika jelatini, na hawakusema imetokana na mnyama gani."

Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na aghalabu huwa ni ng'ombe au nguruwe. Wanavyuoni wamelizungumza sana jambo hili, na hatukukaa kuandika fatwa. Linalotuuma ni kwamba tumezigawa peremende zile kwa miaka, tukawapa watoto waliosoma kwetu sisi wenyewe mlango wa vyakula katika fiqhi, na hakuna hata mwalimu mmoja aliyewahi kuigeuza pakiti. Aliyetuamsha ni mtoto wa miaka tisa anayesoma Qur'ani siku mbili tu kwa wiki.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: yeye amekipata wapi ambacho wanafunzi wetu, wanaokuja madrasa siku tano, hawajakipata?

JIKONI KWAO

Jibu la kwanza liko jikoni. Wajapani wengi hufuata mila za Shinto na Ubudha, kwa hiyo nyama ya duka la kawaida haikuchinjwa na Mwislamu wala na Ahlul Kitabi. Ruhusa iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 5, haifungui mlango wa bucha hilo. Familia hununua nyama katika maduka ya halali, ambayo wengi wa wenyewe ni wahamiaji kutoka Pakistani, Bangladeshi na Indonesia: kuku wa kugandishwa kutoka Brazil na nyama kutoka Australia. Rahma kubwa waliyonayo ni bahari. Samaki ni wengi, ni wazuri, na Suratul Maida hiyo hiyo, aya ya 96, imetuhalalishia vya baharini.

Mtu atasema, basi wale samaki na mchele, mambo yaishe. Hayaishi. Samaki wa Kijapani hupikwa kwa mirin, ambao ni mvinyo mtamu wa mchele, au kwa sake, pombe yao ya mchele. Sosi ya soya, ambayo haikosekani mezani, nyingine hutiwa alkoholi ili isiharibike. Mkate huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Supu ya tambi inayoitwa ramen mara nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe. Biskuti huwa na kile kitu cha kuchanganyisha mafuta na maji, ambacho hutoka ama kwa mmea ama kwa mnyama, na pakiti si lazima iseme ni kipi. Na mji wao wa Nagoya unasifika kwa chakula kiitwacho miso katsu, yaani nyama ya nguruwe ya kukaanga iliyomiminiwa mchuzi mzito.

Mama huyu alituambia kuwa herufi za kwanza za Kijapani alizozijua hazikuwa za jina lake. Zilikuwa herufi ya nguruwe na herufi ya pombe. Alizichora kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, akaenda nazo dukani, akawa analinganisha. Pale anapokuta neno lisiloeleweka, hupiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Mhudumu humwomba subira, akaenda kuuliza kiwandani, kisha akamrudishia jibu. Alituambia hajawahi kujibiwa kwa dharau. Mara nyingine jibu huwa, "Tunasikitika, imetokana na nguruwe," na biskuti hurudi kabatini kwa ajili ya jirani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (R.A.), kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao kuna yenye shaka ambayo watu wengi hawayajui, na anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake. Hadithi hii wanafunzi wetu wanaisoma kwa ghibu. Yule mtoto anaisoma kila anapoingia dukani.

Wasomaji wasidhani kuwa nyumba ile ni ya huzuni. Hupikwa pilau Ijumaa, kwa bizari zilizobebwa kutoka hapa. Unga wa sembe nao husafiri ndani ya sanduku. Mwanzoni alijaribu pilau kwa mchele wa Kijapani, ukashikana kama bumunda, watoto wakaukata kwa kisu. Siku hizi hununua mchele wa basmati katika duka la halali. Viatu huvuliwa mlangoni, kama kwetu, na Mjapani pia huvua vyake. Vyoo vingi vina bomba la kutoa maji kwa ajili ya kujisafisha, jambo linalomfurahisha kila Mwislamu anayefika kule kwa mara ya kwanza.

CHAKULA CHA SHULE

Jibu la pili liko shuleni, na hapa ndipo tunapoomba wazazi wasome kwa makini.

Shule za msingi za Japani huwapa watoto chakula cha mchana. Mwanzo wake unasemwa kuwa ni mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, ambako shule iliyokuwa ndani ya hekalu iliwalisha watoto wa maskini. Baada ya vita, mwaka 1954, ikatungwa sheria ya chakula cha shule, na mwaka 2005 ikatungwa nyingine ya kuwafundisha watu maarifa ya chakula. Chakula hiki ni sehemu ya masomo. Watoto hula darasani pamoja na mwalimu wao. Walio zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, hubeba masufuria, hushika upawa na kuwapakulia wenzao. Hakuna anayeanza mpaka wote wamepata, na kabla ya kula husema pamoja neno la kushukuru.

Sasa mtoto wa Kiislamu afanye nini, na mchuzi una nguruwe? Shule huwapa wazazi mapema karatasi yenye vyakula vya mwezi mzima. Mama huyu huketi nayo, akaweka alama. Siku ya samaki wa kuchoma bila mirin, mtoto atakula na wenzake. Siku ya mchuzi wa bizari wenye nguruwe, mama huamka mapema akapika mchuzi kama ule kwa kuku wa halali, wenye rangi ile ile, na karoti zilizokatwa vile vile, akautia katika chupa ya kuhifadhi moto. Mtoto hukaa meza moja na wenzake, na ukitazama kwa mbali hutajua nani anakula nini.

Tulimuuliza kwa nini anajisumbua kukata karoti zifanane. Akatusimulia habari ya mwaka wa kwanza. Alimpakia mwanawe chapati na maharage, chakula kizuri cha kwao. Mtoto akakirudisha kama kilivyo, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kumbe aliona haya kufungua kopo lake. Alikuwa akinywa maziwa ya shule tu, akirudi na njaa. Usiku ule mama alilia, akamwambia mumewe, "Tumwache ale, bado mdogo, Mungu ni Mwingi wa kusamehe." Baba akamjibu, "Tukimwacha leo, kesho tutamwambia nini?" Wakashauriana mpaka usiku mwingi. Asubuhi wakaamua mambo mawili: mama atapika kinachofanana, ili mtoto asipewe mzigo wa haya kuliko umri wake, na baba atamfundisha sababu, ili siku akiulizwa awe na jibu.

Haikuchukua muda akaulizwa. Mwalimu wa darasa, kwa nia njema, alimwomba awaeleze wenzake. Mtoto wa miaka saba akasimama akasema, "Mungu wangu amenikataza nguruwe na pombe. Vingine nakula, na samaki napenda sana." Mmoja akamuuliza, "Hata kidogo?" Akajibu, "Hata kidogo." Wakaendelea kula.

Maneno yale ni machache, lakini tujiulize kwa ukweli: ni wanafunzi wangapi wa madrasa yetu wanaoweza kuyasema? Tuliwajaribu. Wiki iliyofuata tuliwauliza wanafunzi wa darasa la nne, "Kwa nini huli nguruwe?" Wengi walijibu, "Kwa sababu ni haramu." Tukauliza, nani ameharamisha na wapi? Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kwa sababu anakula uchafu." Kuku wetu je, wanakula nini? Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka nao, lakini tulirudi nyumbani na fikra. Jibu la kwanza la Mwislamu ni kwamba Mola wake amemkataza, na makatazo hayo yamo katika Suratul Baqara, aya ya 173, na Suratul Maida, aya ya 3. Hekima nyingine huja baadaye. Wanafunzi wetu wameikuta halali mezani, hawakuwahi kuitafuta. Kwa hiyo hawakuwahi kuulizwa, wala sisi hatukuwahi kuwauliza.

Kuna jingine la shule. Baada ya chakula, wanafunzi wenyewe husafisha. Wanafagia madarasa, wanapiga magoti wakasugua sakafu kwa matambara, na katika shule nyingi wanasafisha hata vyoo. Hufanya hivyo kila siku, pamoja na mwalimu, wala si adhabu. Siku ya pili ya ziara, tulipomaliza kula ubwabwa, yule mtoto alisimama akauliza ufagio uko wapi. Wanafunzi wetu walimtazama mama anayetusafishia, kana kwamba wanamwambia, wako huyo.

MATEMBEZI

Watoto wetu waliuliza zaidi habari za matembezi kuliko za chakula, na ni haki yao.

Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili maua ya sakura huchanua, na watu hutoka kwa maelfu kwenda kukaa chini ya miti. Familia hii huenda bustani ya Tsuruma. Hutandika turubai la rangi ya buluu, hula sambusa na wali uliofinyangwa wenye samaki ndani, na watoto hucheza. Majirani wengi wa turubai hunywa pombe, kwa hiyo wao huenda asubuhi na huchagua upande wenye familia. Wakati wa kuondoka hufunga taka zao wakarudi nazo nyumbani, kama wafanyavyo wengine. Mapipa ya taka ni machache mabarabarani. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu katika treni za Tokyo mwaka 1995. Na juu ya hivyo mji ni msafi, kwa sababu mtu hubeba taka yake mfukoni mpaka nyumbani. Sisi tumefundishwa kuwa kuondoa cha kuudhi njiani ni katika matawi ya imani, na mfereji ulio mbele ya madrasa umejaa chupa za maji tulizozinywa sisi.

Mara moja walisali Adhuhuri pale bustanini, nyuma ya mti. Mzee mmoja aliwangoja mpaka wakatoa salamu, akauliza kwa heshima kama hayo ni mazoezi ya mgongo, maana yeye unamsumbua. Baba akamweleza. Mzee akainama, akawapa machungwa.

Huenda pia kwenye bustani ya wanyama ya Higashiyama. Watoto wetu waliangua kicheko waliposikia kuwa gorila aliyepata umaarufu pale mwaka 2015 kwa uzuri wa sura anaitwa Shabani. Tuna wanafunzi watatu wenye jina hilo, na tangu siku hiyo hawana raha.

Yako matembezi wanayoyaacha. Wajapani hupenda kuoga katika mabafu ya maji ya moto ya asili, watu wengi pamoja wakiwa uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mwislamu hawezi kuuacha wazi uchi wake mbele ya watu. Familia hii hukodi bafu la faragha pale linapopatikana, lisipopatikana hawaendi. Shule inapokwenda kwenye hekalu, wazazi humuuliza mwalimu mapema: watoto wanakwenda kutazama jengo na historia, au kutakwa wainame na kuomba? Kutazama wanamruhusu, ibada wanaikataa, na mwalimu huelewa.

Wala si yote yaliyonyooka. Binti bado hulia anaporudi kutoka sherehe ya mwenzake, kwa sababu keki alikuwa akiitazama tu. Idi si sikukuu ya nchi. Baba huomba ruhusa kazini, wakasali, watoto wakarudi shule. Baba hurudi usiku watoto wamelala, maana kazi za kule ni ndefu mno, na lugha yao ina neno maalumu, karoshi, la kufa kwa wingi wa kazi. Wakati wa kiangazi Alfajiri huingia kwenye saa tisa za usiku, na Desemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Watoto hujibu kwa Kijapani wanaposemeshwa Kiswahili. Mama yao alitwambia neno ambalo hatujalisahau: "Ustadh, kule hakuna anayetuzuia dini yetu, na hakuna anayetukumbusha. Adhana inalia kwenye simu tu. Nikisahau mimi, nyumba nzima imesahau."

Hawako peke yao kabisa. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, ukasalimika na mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Msikiti wa Tokyo uliojengwa na Watatari mwaka 1938 ulibomolewa mwaka 1986 kwa uchakavu, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Uturuki. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Waseda alikadiria kuwa mwaka 2020 Waislamu walikuwa kiasi cha 230,000 na misikiti ilikuwa imezidi 100. Lakini katika nchi iliyokuwa na watu kiasi cha milioni 125, hao hawakufika 2 katika kila watu 1,000.

KAULI MBILI TUSIZOKUBALIANA NAZO

Baada ya ziara ile tulisikia kauli mbili.

Ya kwanza ilitoka kwa baadhi ya wazazi: "Kukaa nchi kama hizo ni kuwapoteza watoto. Kheri wabaki hapa ambapo kila pembe kuna msikiti." Khofu hii tunaiheshimu, kwani wako waliokwenda wakapotea. Lakini mtoto aliyetugeuzia pakiti analelewa huko, na waliocheka wanalelewa hapa. Msikiti wa pembeni haumlei mtoto kama wazazi hawamlei. Na tusijidanganye kuwa watoto wetu watabaki hapa daima. Wako watakaokwenda Uarabuni, Ulaya, Uchina na Japani kwa masomo na kazi. Mtoto aliyeshika dini kwa sababu majirani wote wameishika, siku atakapokosa hao majirani atashika nini?

Kauli ya pili ilitoka kwa vijana: "Kumbe Wajapani ndio Waislamu wa kweli, wamekosa shahada tu." Hili nalo tunalikataa. Shahada si kitu cha kusemwa "tu". Ndiyo mlango wenyewe. Na kauli hii ina ujanja ndani yake, kwani humpa mtu nafasi ya kusifu usafi wa watu wengine huku akiendelea kutupa taka. Usafi wa Wajapani haukuja na damu. Mtoto wao hupewa tambara angali mdogo, akasugua kila siku kwa miaka sita ya shule ya msingi, mwalimu akisugua kando yake. Sisi humpa mtoto Hadithi ya usafi akaihifadhi, kisha tukaajiri mtu wa kufagia. Wao wamefundisha kwa mikono, sisi tumefundisha kwa ulimi peke yake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwa vyote viwili. Alipomfundisha Umar bin Abi Salama (R.A.), aliyekuwa kijana mdogo, adabu za kula, yaani kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho karibu yake, hakumwita barazani kumtolea mawaidha. Walikuwa wanakula sahani moja.

NINI TUFANYE

Maoni yetu, kwa ufupi, ni haya. Dini ya mtoto hukaa kwa kuifanya pamoja na mkubwa wake na kuijua sababu yake. Familia ile imelazimishwa na ugeni kufanya hivyo. Sisi hatujalazimishwa na mtu, kwa hiyo tujilazimishe wenyewe. Tunapendekeza:

Kwanza, peremende zile tumekwishaziondoa kabatini. Zawadi za madrasa ziwe tende, karanga, kalamu na madaftari. Na kila mzazi anunuapo kitu cha pakiti amkabidhi mtoto akisome, amwambie kimetengenezwa kwa nini.

Pili, kuanzia muhula ujao wanafunzi wafagie madrasa kwa zamu, na walimu tumo kwenye zamu hizo. Mama anayetusafishia hatapoteza riziki yake. Tumemwomba asimamie jiko la uji wa asubuhi, na mshahara wake ni ule ule. Mzazi atakayekuja kulalamika kuwa hakumleta mwanawe kufagia, tunamwomba asome tena makala hii.

Tatu, kila somo la fiqhi liishe kwa swali moja: "Ukiulizwa na rafiki asiye Mwislamu, utamjibu nini?" Jibu liwe fupi, la kweli, na lisiwe na matusi kwa mwenye kuuliza.

Nne, wazazi, kuleni na watoto wenu japo mara moja kwa siku. Baba wa Nagoya anarudi usiku, lakini Jumamosi na Jumapili hula sinia moja na wanawe. Wengi wetu tuko nyumbani kila jioni, na watoto wanakula peke yao mbele ya televisheni.

Wanafunzi wetu wapenzi, siku ya kuagana yule mwenzenu alimpa mmoja wenu zawadi, pakiti ya biskuti kutoka kwao. Tulimwona mwenzenu akiigeuza nyuma, akayatazama maandishi asiyoyajua, akamuuliza, "Hii umeisoma?" Akajibiwa, "Nimeisoma." Hapo akasema Bismillahi, akaifungua, akawagawia wenzake. Hakucheka mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi Waislamu walio ugenini pamoja na vizazi vyao, aturuzuku vya halali na vizuri, na ajaalie tunayoyafundisha yawe hoja kwa ajili yetu, yasiwe hoja juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.